Kuku Alitaja Macho Mekundu

"Mama anaondoka leo. Maganga yuko nje na pikipiki."

"Anaondoka kwenda wapi, baba Goodness?"

"Lingeka. Nyumbani."

"Na hao vijana aliokuja nao Maganga? Wanamsindikiza mama na mapanga?"

Mume wangu Nyanda aliangalia sakafu kama kuna kitu kimemdondoka.

Ndugu zangu, hii ni Jumapili iliyopita, mchana kweupe, hapa Bariadi. Sikusimuliwa.

Binti yetu Goodness, miaka mitatu, alikuwa na homa. Asubuhi hiyo alikakamaa, macho yakageuka. Degedege. Nikataka hospitali. Nyanda akafunga geti, ufunguo akauweka mfukoni.

"Degedege haichomwi sindano, mtoto atafia mikononi mwao. Kwanza mama atoke, homa itashuka."

Nani kamwambia? Kuku.

Jana yake, yeye na kaka yake Maganga walikwenda kwa mganga kupiga ramli. Kuku akapasuliwa, mganga akasoma matumbo, akasema anayemroga mtoto ni mwanamke mwenye macho mekundu, analala nyumba hiyo hiyo.

Mimi nina diploma ya mifugo. Nimepasua kuku wengi kuliko huyo mganga, na sijawahi kukuta jina la mtu ndani.

Nilimwambia hivyo. Akasema, "Dharau zako ndizo zimetufikisha hapa."

Nikaingia chumbani kwa mama mkwe wangu Milembe, ambaye sote tunamwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, nikafunga komeo. Alikuwa amempakata Goodness, anampangusa kwa kitambaa cha maji.

Nikamnyang'anya mtoto...

Macho yake ni mekundu kweli. Miaka yote kule Lingeka amepikia miti ya pamba na mavi makavu ya ng'ombe, moshi umemla. Hilo nalijua. Lakini mtoto anawaka, nje pikipiki inaunguruma, na ukiogopa kiasi kile unaanza kumwogopa hata aliyekupikia uji asubuhi.

Mayu aliona. Hakukasirika. Akaanza kukunja kanga zake kwenye mfuko.

"Fungua mlango, mwanangu. Niende nao."

"Mayu, unajua wanakupeleka wapi?"

"Najua."

Huku kwetu tunajua. Bibi anachukuliwa kurudishwa nyumbani, na nyumbani hafiki.

"Huogopi?"

"Naogopa. Tazama mikono." Ilikuwa inatetemeka kama yangu. "Tusali kwanza."

Mimi sikuwa na maneno. Akasali yeye, kwa Kisukuma, taratibu, kama anaongea na mtu aliyeketi naye jikoni. Akamwomba Mungu amshushie Goodness homa. Akamwombea Nyanda. Akamwombea Maganga, asije akafanya jambo la kumnyima usingizi maisha yake yote. Kisha akashukuru.

"Asante, Bwana, wamenikubali mimi, wakamwacha huyu."

Nikafumbua macho.

"Wakamwacha nani?"

Akachukua kanga nyingine, akaikunja.

"Mayu, wakamwacha nani?"

"Jitazame kwenye kioo, mwanangu."

Kioo chake kidogo kilining'inia dirishani. Tangu homa ianze sikuwa nimelala, nilikuwa wa kukesha na kulia tu. Macho yangu yalikuwa kama nyama mbichi.

"Jana uani Maganga alisema ni wewe," mayu akasema. "Kwamba umekataa dawa zao, na wewe ndiye unayelala na mtoto. Nikatoka jikoni, nikawaambia watazame yangu. Yangu yalianza kuwa mekundu wewe hujazaliwa."

"Nyanda alikuwepo?"

"Alikuwepo."

Nikakaa chini, mtoto kifuani...

Ningependa kuwaambia hofu iliondoka. Haikuondoka. Ila mwanamke huyu alikuwa anatetemeka na bado anamwombea anayekuja kumuua. Nikaona kumbe inawezekana kuogopa na kufanya kitu kwa wakati mmoja.

Nikachukua simu, nikarekodi sauti kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya yetu ya kanisani.

"Mama Mektilda, sala ya leo ihamie kwangu. Sasa hivi. Njooni wote na waume zenu. Wanataka kumchukua mayu, na mtoto ana degedege, geti limefungwa."

Mektilda ndiye mwenyekiti wa jumuiya. Anauza dagaa mtaa wa pili. Huyo haulizi swali mara mbili.

Goodness akakakamaa tena. Nikamlaza ubavu. Mayu akanishika bega, akairudia sala ile ile, nami safari hii nikaifuata neno kwa neno, mpaka mtoto akalegea, akavuta pumzi.

Ndipo nikasikia rozari nje ya geti. Sauti nyingi.

"Nyie mnataka nini hapa?" Huyo Maganga.

"Tunasali, baba," Mektilda akajibu. "Zima pikipiki, unatupigia kelele. Na mwenyekiti wa mtaa huyu hapa, polisi ameshawapigia."

Pikipiki ikazimwa.

Nikamfunga Goodness mgongoni, nikafungua chumba. Nyanda alikuwa amesimama pale pale.

"Walinitaja mimi?"

Machozi yakamtoka. "Ningefanyaje, mama Goodness? Ulitaka mtoto abaki na nani?"

"Na mama yako je, ulitaka abaki na nani?"

Mkono wake ukaenda kwenye mfuko wenye ufunguo, ukaishia hapo.

Wasomaji wangu, Goodness ana malaria kali, yuko wodini, dripu inashuka, na leo ameomba uji. Mayu amepewa dawa ya macho. Nilichojifunza ni kifupi. Mwenye degedege apelekwe hospitali. Mwenye macho mekundu apelekwe kwa daktari wa macho. Na ukiogopa, sali, hata kama huna maneno, mshike mwenye maneno. Sala haikunifungulia geti siku ile, ilinipa miguu ya kulifuata.

Basi, tukirudi pale mlangoni, nilimnyooshea Nyanda mkono.

"Ufunguo."

Akautoa mfukoni.

Nikafungua geti, nikamshika mayu mkono, tukaingia katikati ya wale wanawake, tukapita mbele ya Maganga. Aliinamisha kichwa.

Nikageuka. Nyanda bado alikuwa mlangoni.

"Beba mfuko wa mama yako," nikamwambia. "Tunakwenda hospitali."

Akaubeba, akatufuata.