Bwana Mipango na Daktari Wake

Walikutana kwenye foleni ya kantini ya hospitali kuu, mchana ule watu wamejaa hadi hakuna pa kuweka sinia. Binti alikuwa anasomea ubingwa wa upasuaji, bado amevaa nguo za kijani na kofia ya kitambaa. Kijana wa mbele yake, shati la buluu na tai fupi, alimwambia ametoka wizarani, kazi yake kuhesabu madaktari wapasuaji.

"Mimi niandike nusu," alisema binti. "Nusu nyingine imelala."

Kijana akacheka mpaka chai ikamwagika. Tangu hapo akaitwa Bwana Mipango, naye binti akawa Daktari Wangu. Kila akitoka chumba cha upasuaji alimpigia simu, akamsimulia mishono, na Bwana Mipango akamsikiliza kama anayesikiliza mpira redioni.

Kisha mfumo wa mafunzo ukabadilishwa. Wanafunzi wasingerundikana tena hospitali kuu huku mikoani hakuna wa kupasua hata kidole tumbo; wangejifunzia huko huko. Daktari akapangiwa mkoa wa mbali kuliko yote. Aliposikia nani alikuwa ameandaa mpango ule, alimpigia Bwana Mipango simu.

"Ulijua?"

"Nilijua, mpenzi. Ningekutoa wewe, angekwenda binti wa mtu mwingine."

"Na hukuniambia?"

Daktari akakata simu, na zilizofuata hakuzipokea.

Huko mkoani alilia, kisha akazoea. Alifanya kwa mikono yake upasuaji ambao hospitali kuu angeuchungulia mabegani mwa wengine. Miaka ikapita, akawa bingwa, akawa mwalimu. Lakini kila akivua glavu alilikumbuka lile sikio lililokuwa likimsikiliza, akajiona mjinga.

Asubuhi moja alimkuta Bwana Mipango kwenye benchi la nje, katikati ya ndugu wa wagonjwa, mvi zimeanza kumwingia. Alikuwa amekuja kukagua mafunzo. Ukaguzi uliisha jana yake, ila miguu ilikataa kuondoka.

"Mpango wako ulikuwa sahihi," Daktari alisema hata kabla ya salamu.

"Mimi ndiye nisiyekuwa sahihi. Niliogopa ukilia mbele yangu nitakufuta jina kwenye orodha."

Daktari akaketi kando yake.

"Mama ananiuliza kila nikienda nyumbani kama yupo mtu," alisema Daktari.

"Unamjibu nini?"

"Nanyamaza. Safari hii nimwambie nini?"

Bwana Mipango akaushika mkono wake, bado una baridi ya maji ya kunawia.

"Mwambie naleta posa."