Bi Mfano na Fomu ya Ndoa

"Laki sita! Laki sita kwa programu ambayo hata kuku angeitumia!"

"Ndiyo uzuri wake huo," mumewe alijibu bila kuinua macho kwenye kompyuta. "Kuku aiweze, mimi niiweze, na binti wa mapokezi naye aiweze."

Hapo Mama Rula akapandisha hasira. Jina hilo alipewa na wateja kwa uhodari wake wa kunyoosha mistari. Fomu za likizo, za kulaza wagonjwa, za kuandikisha wanafunzi, zote za mtaa ule zilitoka mkononi mwake, kwa programu kongwe iliyotaka hatua kumi na mbili ili uchore kisanduku kimoja. Katika duka lao la uchapaji hapakuwa na mwingine aliyeiweza, hata mumewe mwenye duka. Sasa inaletwa ya kuvuta kisanduku kwa kipanya, unakiachia, kimekaa. Kurasa zinajipanga zenyewe.

"Sema tu unataka binti akae karibu yako."

"Mke wangu, nimejaribu tatu. Ya bure inahamisha mistari ikifika kwenye printa. Ya ghali inataka kozi ya miezi miwili. Hii ni rahisi, basi. Binti ameingiaje hapa?"

"Kwa mlango wa mbele, na aliyemfungulia ni wewe."

Programu ikanunuliwa. Siku ya tatu, mwalimu mkuu wa shule ya jirani akaja kuzibwaga fomu zake juu ya kaunta, mia mbili nzima.

"Mwalimu anaomba siku tatu za kuuguza mtoto, nyinyi mnamuuliza mke mkubwa ni nani?"

Chini ya kila ukurasa palikuwa na kisanduku ambacho hakuna aliyekichora. MKE MKUBWA. Ndani yake, kwa mwandiko mwembamba, wino ungali mbichi: Bi Mfano.

Mwalimu alipoondoka, mume alimgeukia mkewe. "Wivu wako utatufungia duka."

"Haki ya Mungu, si mimi."

"Mwingine anayemjua Bi Mfano ni nani?"

Tuseme kweli, swali lilikuwa la haki. Fomu haiendi kwa mteja kabla haijajazwa ya majaribio, uone kama jina refu linaenea na tarehe zinatosha. Mama Rula alichoka kubuni watu, akabuni mmoja tu wa kudumu. Alimpa tarehe ya kuzaliwa, kimo, kundi la damu, na makazi: stoo ya karatasi, nyuma ya duka. Kwa miaka kumi na miwili Bi Mfano aliajiriwa, akalazwa, akaruhusiwa, akaandikisha watoto. Na kila fomu ya majaribio mwenye duka aliitia sahihi kuipitisha, mara nyingi bila kuisoma. Programu mpya inajaza mifano yake yenyewe. Tangu iletwe, Bi Mfano hakuandikwa hata mara moja.

Mume akaenda stoo kuchukua karatasi za kurudia kazi. Mama Rula akakaa kwenye kompyuta, akakifuta kile kisanduku. Kikarudi. Akakifuta tena. Kikarudi kikubwa zaidi, na safari hii kilichorwa polepole mbele ya macho yake, upande baada ya upande, wakati kipanya kimetulia juu ya meza na mikono yake iko mapajani.

Harufu ilitangulia, ya karatasi iliyolowa ikakaa siku nyingi bila jua, kisha juu yake marashi, si ya Mama Rula na si ya binti, kisha mchakacho kama wa kurasa zinazopekuliwa kwa kidole gumba, taratibu, kutoka stoo alikoingia mumewe, na baada ya mchakacho huo kicheko cha mumewe, kile cha chinichini ambacho yeye hakukisikia tangu mwaka wa kwanza wa ndoa, na baada yake, kama jibu, kicheko cha mwanamke.

Akaruka kumtazama binti. Binti alikuwa pale pale kaunta, kinywa wazi.

"Mama," alinong'ona, "nani yumo ndani na baba?"

Ndipo Mama Rula alipoikumbuka. Fomu ya ndoa, ya majaribio, mwaka mmoja kabla hajaolewa na mwenye duka. Wakati ule alikuwa karani tu, anampenda bosi wake kimoyomoyo. Kwenye nafasi ya mume alimwandika yeye. Kwenye nafasi ya mke aliona haya kujiandika, akaandika Bi Mfano. Na bosi akatia sahihi.

Akaukimbilia mlango wa stoo, akaupiga kwa ngumi. "Fungua! Mume wangu huyo!"

"Usivunje mlango wa watu," sauti ilimjibu kwa upole, karibu sana, kwenye tundu la ufunguo. "Alinisainia mimi kabla yako. Nilinyamaza kwa kuwa ulikuwa ukiniandika."

"Nitakuandika," Mama Rula alisema. "Kila fomu. Hiyo programu naitupa leo leo. Mtoe tu."

Ndani mumewe alicheka tena, kama mtu anayetekenywa.

"Miaka kumi na mmoja umelala naye peke yako, mke mwenzangu. Nazitaka zamu zangu. Zote."