Nilimwuliza Kila Mtu Isipokuwa Dada Yangu

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na saba, mkulima wa majani chai karibu na Nyaramba, Kaunti ya Nyamira. Nina mke na watoto wawili. Afya ninayo, chakula kipo, na majirani huniita mtu wa msimamo. Lakini, ndugu wasomaji, sijatulia. Naweza kukaa chini ninywe chai, kisha nikajikuta nimesimama mlangoni natazama barabara na chai imepoa mezani. Mke wangu ameacha kuniuliza naangalia nini. Anajua.

Mimi ndiye kifungua mimba. Baba alifariki nikiwa darasa la nane, mama akamfuata nikiwa kidato cha pili. Nyuma yangu walibaki wawili: dada yangu Kwamboka, aliyekuwa na miaka tisa, na Momanyi, mdogo kiasi kwamba aliendelea kumtafuta mama jikoni wiki nzima baada ya mazishi.

Ndugu za baba walikaa uani wakaanza kutugawana. Huyu aende kwa fulani, yule apelekwe kule... Nilisimama nikasema hakuna anayekwenda popote. Nilivua sweta ya shule, nikabeba kikapu cha mama cha kuchumia majani, na sikurudi darasani tena. Hilo silijutii hata leo.

Mtu anayelea watoto akiwa yeye mwenyewe bado mtoto hujifunza kuuliza maswali mafupi. Umekula? Umesoma? Ulikuwa wapi? Nani amekuambia? Niliyauliza kila jioni kama mtu anayehesabu kuku kabla ya kufunga banda. Kwamboka akaanza kuniita Tata, yaani baba kwa Ekegusii chetu. Alianza kwa utani. Utani ukaisha, jina likabaki, na mimi nikalipenda.

Alisoma mpaka akawa mwalimu wa chekechea mjini Nyamira. Alipofika miaka ishirini na sita akaja mchumba, Zablon, mwenye duka la mbolea na dawa za mifugo huko Kenyenya. Walikuwa wamekutana kwenye mkutano wa kanisa, wakasalimiana mara tatu nne. Zablon alikuwa mpole, anaongea polepole, viatu vyake vinang'aa hata siku ya mvua. Nilimpenda kuliko dada yangu alivyompenda. Je, nililiona hilo wakati ule? Sikuliona.

Kwetu Gusii, kabla ya ndoa hutafutwa mtu wa kupeleleza ile familia nyingine. Tunamwita esigani. Nilimtuma shangazi yangu Bosibori, mwanamke ambaye hakuna siri inayompita. Nilimkalisha nikampa maswali yangu yote. Je, watu wa ukoo wao na wetu wanaruhusiwa kuoana? Kuna ugonjwa unaorithiwa? Wanasali Sabato? Zablon anakunywa pombe? Shamba ni lake au ni la ndugu zake? Na swali ambalo kwetu ni kubwa kuliko yote: kuna mwanamke yeyote aliyetolewa ng'ombe wa mahari katika nyumba ile? Sikutaka dada yangu aende kuwa mke wa pili.

Shangazi alirudi baada ya siku mbili akiwa na mkungu wa ndizi aliopewa. "Buya mono," akasema, nzuri sana. "Watu wa sala, majani mpaka mtoni, pombe hawajui hata harufu yake. Hata mbwa wao amelelewa vizuri kuliko wewe." Na ng'ombe? Akasema hakuna mwanamke aliyetolewa ng'ombe. Amemwuliza mpaka mama mmoja anayeuza ndizi ng'ambo ya duka la Zablon.

Nilimpelekea Kwamboka habari hizo nikiwa na furaha. Alikuwa anakata mboga. Alisikiliza yote, halafu akaniambia, "Tata, umeuliza mambo ya shamba. Mambo yangu umeuliza?"

Nikacheka. Nikamwuliza mambo yake ni yapi.

"Sijui. Sina hakika na yule mtu. Akicheka, macho yake hayacheki."

Basi nikamwuliza swali ambalo natamani ningelimeza. "Una sababu gani ya kumkataa?"

Fikiria swali hilo vizuri, msomaji. Nilimfanya dada yangu mshtakiwa, nikamtaka alete ushahidi. Ushahidi angeutoa wapi? Alikuwa na wasiwasi tu moyoni. Akanyamaza, akarudi kwenye mboga zake. Nami nikahesabu kunyamaza kwake kuwa ni kukubali.

Ng'ombe wakaja. Kwamboka akaenda Kenyenya, akaacha kazi ya ualimu kwa sababu mume alisema duka linahitaji mtu.

Mwaka mmoja baadaye, siku ya soko, nilimwona akiingia uani amejifunga leso kichwani mpaka kwenye nyusi. Jicho moja lilikuwa limefumba kwa uvimbe. Sikumkaribisha hata maji. Neno langu la kwanza lilikuwa, "Umemfanya nini?"

Akaniangalia kwa lile jicho zima. "Sijambo, Tata. Asante kwa kuniuliza."

Nilirudia swali lile lile mara tatu. Mwishowe akasema alichelewesha chakula. Nikaona, aah, kumbe ni jambo dogo, mambo ya nyumba. Asubuhi nikakamata kuku wa zawadi, nikamrudisha Kwamboka mimi mwenyewe mpaka Kenyenya. Nilifanya hivyo kwa nia njema! Mimi niliyekataa familia yetu igawanywe, ningekubalije ndoa ya dada yangu ivunjike?

Zablon alitupokea kwa heshima. Tukakaa sebuleni. Nikamwuliza kama kuna shida. Akasema, "Hakuna shida, shemeji." Nikamgeukia Kwamboka, aliyekaa kando ya mume wake, goti kwa goti, nikamwuliza kama kuna shida. Akasema hakuna. Nikaomba dua, nikala, nikarudi nyumbani nikijiona mtu mwenye busara.

Baada ya miezi minane Zablon alinipigia simu. Sauti ilikuwa ile ile ya polepole. "Shemeji, mke wangu yuko huko kwenu?"

Hakuwa kwetu. Simu yake ilikuwa imezimwa. Nilizunguka Nyamira, nikaenda Keroka, nikaenda Kisii, nikawauliza walimu wenzake wa zamani, wauza mboga, watu wa kanisa. Usingizi ulinikimbia. Nilikuwa nachuma majani bila kuyatazama, machanga na makuukuu yote nikiyatupa kapuni pamoja. Nilijiambia kwamba amekufa. Kesho yake nikajiambia kwamba amenisaliti, ametorokea kwa mwanamume mwingine baada ya yote niliyomtendea. Hilo la pili lilikuwa rahisi kubeba, nikaling'ang'ania.

Kumbe Momanyi alikuwa anajua aliko. Ndugu yangu mdogo, niliyempeleka shule mgongoni, alikula nami meza moja wiki tatu nzima akijua. Nilipogundua nilimfokea, mbona hakuniambia?

Hakupandisha sauti. "Uliniuliza lini? Ulisema, 'Huyu msichana amepotelea kwa nani?' Hukuwahi kuniuliza kama najua kitu." Kisha akaongeza jambo lililonichoma zaidi. "Sisi tunakuogopa, kaka. Wewe unauliza kama chifu. Mtu anatafuta jibu ambalo halitamletea matatizo, anakupa hilo, unatosheka."

Alikataa kunieleza dada yetu yuko wapi. Alisema ameahidi. Akaniambia niende kwanza Kenyenya nikajue nilimpeleka wapi.

Nilikwenda. Sikuingia dukani kwa Zablon. Nilisimama ng'ambo ya barabara, mbele ya yule mama muuza ndizi. Ulimi wangu ulikuwa tayari umeshika swali: je, huyu Zablon ni mtu mbaya? Nikalizuia. Nani angejibu swali kama hilo mbele ya duka la mtu? Nikamwambia mimi ni kaka yake Kwamboka, na sijui niulize nini. "Nieleze tu nyumba ile unavyoijua, mama."

Akanisogezea kreti nikae.

Binti yake, akasema, aliishi katika nyumba ile miaka mitatu. Hakutolewa ng'ombe, hakutolewa hata mbuzi, kwa hiyo kwa hesabu ya wazee hakuwa mke wa mtu. Alitoka mkono umevunjika. Kabla yake alikuwapo mwingine, naye alitoka vivyo hivyo.

Nikamwuliza mbona hakumwambia shangazi yangu.

"Alisimama hapo hapo ulipo," akasema. "Akauliza kama yuko aliyetolewa ng'ombe. Nikamjibu hakuna, na kweli hakuna. Angeniuliza nani amewahi kuishi mle na alitokaje, ningefunga biashara siku hiyo nimweleze. Lakini mgeni hajauliza, mimi nianze kumtangazia aibu ya mtoto wangu?"

Hakuna aliyenidanganya, wasomaji! Shangazi alisema kweli. Mama yule alisema kweli. Niliulizia ukoo, majani, sala na ng'ombe, na kila swali lilijibiwa kwa uaminifu. Lakini yote yalikuwa maswali ya mtu anayenunua shamba. Hakuna hata moja lililouliza mwanamke anaishije ndani ya nyumba ile.

Niliporudi nilimwambia Momanyi yote niliyosikia, hata yale yaliyonivua nguo. Ndipo akanielekeza. Kwamboka alikuwa mjini Kisii, akishona sare za shule na rafiki yake katika chumba kimoja.

Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Alipofungua mlango yote yakatoweka. Alikuwa amekonda. Nilipoanza kuongea aligeuza kichwa upande, nami nikadhani hataki kuniona. Kumbe alikuwa ananipa sikio la kulia. La kushoto halisikii tena.

Nilimwomba msamaha pale pale mlangoni. Akasema, "Nimesikia." Hakusema amesamehe, na mara hii sikumwuliza kama amesamehe. Nilimwuliza jambo ambalo katika miaka yote ya kumlea sikuwahi kumwuliza. "Kwamboka, unataka nini kutoka kwangu?"

Nilitamani aseme nimtafutie wakili, nimjengee nyumba, nimletee unga. Mtu kama mimi akipewa kazi hupona. Nilitamani sana kumsaidia kujibu... lakini nikaubana mdomo. Nyuma yake cherehani ya rafiki yake ilikuwa inalia, ikanyamaza, ikalia tena.

"Rudisha ng'ombe wao," akasema hatimaye. "Wakiwa zizini kwako, mimi bado ni wake."

Nikakubali.

"Halafu usije hapa mpaka nikuite. Na usimtume Momanyi aniulize nitakuita lini."

Hilo sikulitarajia. Niliita jina lake, akasubiri nimalize. Nikasema sawa, nikaondoka.

Kurudisha ng'ombe kulileta vita nyumbani. Ndugu za baba walisema naaibisha ukoo. Shangazi Bosibori alilia, kisha akawa wa kwanza kushika fimbo kuwaswaga. Tulirudisha wote, pamoja na ndama aliyezaliwa kwangu, na wazee wa pande zote mbili wakashuhudia kwamba ndoa imekwisha.

Tangu siku hiyo umepita mwaka na miezi miwili. Hajaniita. Momanyi huenda kumwona kila mwezi, na akirudi simwulizi. Nalala upande huu, nageuka upande ule. Simu ikiita kwa namba nisiyoijua, naiangusha kwa haraka ya kuipokea.

Nimebadilika kidogo. Mimi ni mwenyekiti wa kituo chetu cha kununulia majani, na walinichagua kwa sababu siyumbishwi. Zamani majani yakikataliwa nilikuwa nauliza nani amezembea, na kila kidole kilielekea kwa mwenzake. Msimu huu niliuliza, "Ni nini kinachowachelewesha kati ya shamba na hapa?" Mjane mmoja ambaye sijawahi kumsikia akizungumza mkutanoni akasema daraja la miti limeoza, wanawake wanazunguka mbali na majani yanapata joto kapuni. Tulikuwa tukitozana faini kwa ajili ya daraja. Tumelitengeneza. Watu walinipongeza, lakini nilirudi nyumbani nikiwa na uchungu, kwa sababu swali jema nilijifunza kwa gharama ya sikio la mtu.

Wewe unayesoma haya, na hasa wewe uliye mkubwa wa nyumba, uliyeachiwa wadogo ukajitoa kwa ajili yao, nakusihi usipite njia yangu. Kujitoa kwako hakukupi majibu. Usimwulize mtu mbele ya anayemwogopa. Usiulize swali ambalo tayari lina hatia ndani yake. Na kama kuna swali moja unalizunguka kila siku kwa sababu jibu lake linaweza kukunyang'anya kitu, hilo ndilo la kuuliza.

Kama dada yako bado anakuja mwenyewe mlangoni kwako, mpe kiti, mpe maji, mwulize jambo moja tu, halafu nyamaza. Usimsaidie kujibu.