Simu ya Kibanda cha Chini

Jioni ile nilipanda hadi chumba cha mitambo kupokea zamu, kama kila siku. Bosi wetu, tuliyemwita Tai Shingoni, alikuwa amenitangulia. Mtu mzima, hajui lango la bwawa linapandaje, lakini kwa kufoka humuwezi.

Bwawa lina heshima zake. Mvua zikizidi, unayapunguza maji mapema, kidogo kidogo. Kabla ya kuinua lango unapiga king'ora mara tatu, kisha unangoja simu ya kibanda cha chini, kando ya mto. Mpima kina akisema "mto mtupu", yaani hamna mtu mtoni, ndipo unafungua.

Mwaka jana bosi aliyazuia maji, eti wageni wake waone bwawa limejaa. Yalipokaribia kupita juu ya ukuta, akaniamuru nifungue malango yote, nisingoje simu. Mpima kina alikuwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Alikwenda na maji, yeye na kibanda chake. Tai Shingoni alikuja msibani, akala, akasinzia.

Jioni ile alitaka kuona ufa kwenye mfereji mkavu chini ya malango. Aliniambia nisiguse kitu, kana kwamba mimi ni mtoto. Akashuka na tochi.

Simu ikalia.

Ile ya kibandani… Waya wake ulikatika mwaka jana, ukabaki unaning'inia ukutani. Harufu ya tope ikajaa chumbani.

Nikainua. Maji yalichuruzika ndani ya simu.

"Shemeji. Mto mtupu. Fungua."

Nikachungulia dirishani. Tochi ilikuwa katikati ya mfereji.

"Kuna mtu," nikanong'ona.

"Huyo si mtu."

Sikumbuki kubonyeza kitufe. Nilisikia tu lango likikoroma, likipanda… King'ora hakikulia hata mara moja.

Wachunguzi waliandika hitilafu ya umeme. Sikuwabishia, wala bosi sikumlilia. Machozi yangu yana wenyewe. Lakini kitufe kilikutwa na tope bichi. Na mwaka jana amri ilikuwa yake, kidole kilikuwa changu. Nilimuogopa mjinga, nikamuua shemeji. Najidharau kuliko nilivyomdharau yeye.

Leo bosi mpya kanituma kukagua ufa uleule. Niko katikati ya mfereji, giza linaingia. Juu kule yupo mwenzangu wa zamu, mgeni, mtiifu kama nilivyokuwa mimi.

Simu ile inalia.

Naye, kwa adabu zake, ameipokea.