Nukta ya Penseli Juu ya Nyumba ya Mama

Mwandiko wa marehemu kaka yangu niliukuta maabara, saa nne asubuhi, nyuma ya picha.

"Hapa ndipo anapolala mama."

Wasomaji wangu, niliusoma mara mbili...

Ilikuwa maabara ya sayansi ya dunia, mwaka wa kwanza. Unapewa picha mbili za ardhi zilizopigwa kutoka angani, unaziweka chini ya kidude chenye lenzi mbili, na milima inainuka kama uko kwenye ndege. Kaka alisomea chumba hichohicho miaka minne kabla yangu.

Nikaigeuza picha. Nukta ya penseli. Nikachungulia.

Mtaa wetu, kabla haujajengwa. Mlima umemegwa kama mkate, udongo wake umemwagika chini kama ulimi. Nukta ya kaka ilikuwa katikati ya ulimi.

"Vipi mshairi, umeona jini?" mwenzangu wa mezani akanitania.

Nikamwita fundi wa maabara. Akainama, akatazama.

"Maporomoko ya zamani. Udongo ulioteleza mara moja, mvua ikiuzidi huteleza tena. Kuna mtu anakaa hapo?"

Nikakusanya vitabu vyangu.

Kaka alituambia, jamani. Alirudi likizo, akapigilia vigingi tisa nyuma ya nyumba, vimenyooka kama rula.

"Vikipinda, hameni."

Mimi, kichwa kimevimba kwa mashairi yangu, nikamtungia mbele ya majirani:

*Kaka kasomea mawe, karudi na kichwa jiwe,*
*Panya akipita nyuma, alia waja mlima.*

Mtaa mzima ulicheka. Kesho yake kaka akaondoka. Homa ilimuulia ugenini, kabla hatujasemezana tena.

Nilitoka maabara mbio, nikapanda basi hadi nyumbani. Mama alikuwa anaanika matambara juu ya vigingi.

"Mama, tuhame. Leo."

Akacheka. Akanighania shairi langu, neno kwa neno.

Nikachukua uzi. Nikaufunga kwenye kigingi cha kwanza, nikauvuta hadi cha tisa.

Vinne vya katikati vilikuwa vimeshuka bondeni, hatua nzima kutoka kwenye uzi.

Mama akautazama uzi. Akaketi juu ya ndoo.

"Mimi nilimwamini," akasema taratibu.

"Ulimwamini?"

"Siku ile nilikuwa nimeshafunga mizigo, mwanangu. Ulipoghani, watu wakacheka... nikaona aibu. Nikaifungua."

Tulihamia kwa mama mdogo jioni ileile. Majirani waliocheka niliwagongea mmoja mmoja. Walipouona uzi, nao wakafunga virago.

Siku ya nne ya mvua, mlima ulishuka. Chumba cha mama hakijulikani kilikokwenda.

Wananiita shujaa. Siitiki.

Wewe uliyejaliwa maneno, kabla hujawachekesha watu, tazama ni nani atakayelala juu ya maneno yako.

Mimi nikishika kalamu tu, namsikia kaka nyuma ya ukuta, akigonga vigingi. Nahesabu hadi tisa... kisha naiweka chini.