Chumvi Nyuma ya Hema

Kila Jumamosi Waisiko alifua sare zake, akapiga deki sebuleni, kisha akamsubiri baba yake arudi kutoka dukani kwake Bomani, mjini Tarime, amsifu. Na sifa alizipata zote, maana nyumbani hakuwa na wa kugawana naye. Likizo ya Juni ilipofika, mambo yaligeuka. Baba, mzee Erasto, alimchukua na Mokami, binti wa kaka yake wa kijijini Susuni, waende wote kupiga kambi Serengeti.

Safari nzima ilikuwa Mokami hivi, Mokami vile. Mokami ndiye aliyewaona pundamilia kwanza, Mokami ndiye aliyemtambua korongo. Hadi wanapita Mugumu, Waisiko alikuwa amenuna, midomo mirefu.

Kambini walipokewa na askari wa wanyamapori aitwaye Hezekia.

"Shikamoo," wasichana walimwamkia.

"Marahaba. Mnawaona pimbi wale kwenye mawe? Wamewazoea watu. Watazameni mpendavyo, ila msiwape chochote cha kula."

Waisiko aliwakimbilia, nao wakatoweka maweni. Mokami alikaa chini, kimya. Muda si mrefu pimbi mmoja akamsogelea, akapita juu ya kiatu chake taratibu, kana kwamba wanajuana.

Baba alicheka kwa furaha, akampiga picha kwa simu. "Waisiko, hebu tulia kama mwenzako!"

Maneno hayo yalimkwama Waisiko kama mwiba wa samaki. Alimwonea Mokami wivu hadi chakula hakikushuka. Ndipo akakumbuka kwa bibi, Susuni, jinsi ng'ombe wanavyomkimbilia yeyote mwenye chumvi. Jua lilipokaribia kuzama, alichukua pakiti ya chumvi kwenye sanduku la vyakula, akaimwaga yote juu ya jiwe nyuma ya hema. Asubuhi pimbi wangemjia yeye, na baba angeona!

Kulipokucha, aliyekuja hakuwa pimbi. Waisiko alichungulia dirisha la hema akaona nyati dume akilamba jiwe. Mokami alikuwa akirudi kutoka chooni. Alipokutana uso kwa uso na nyati, kopo la maji lilimdondoka.

"Usikimbie, binti!" Hezekia alimwambia kwa sauti ya chini kutoka upande wa pili. "Rudi nyuma polepole."

Mokami alirudi hatua kwa hatua mpaka akaingia chooni na kufunga mlango. Hezekia akawasha gari, akalingurumisha hadi nyati akaondoka. Kisha alikagua lile jiwe.

"Nani amemwaga chumvi hapa?"

Baba alimgeukia Mokami, aliyekuwa ametoka chooni. "Kati yenu, anayelambisha ng'ombe chumvi kila siku ni wewe!"

"Si mimi, baba mdogo," Mokami alijibu.

"Usinidanganye! Leo hii hii unarudi Susuni."

Hicho ndicho Waisiko alichokitamani tangu Tarime. Angenyamaza tu, baba angebaki wake peke yake. Lakini alipomwona mwenzake akiinama kuokota kopo lake, aliona aibu.

"Baba, ni mimi," alisema huku akilia. "Nilitaka wanyama waje kwangu, unisifu na mimi."

Baba kwanza alimshika Mokami bega. "Nisamehe, mwanangu. Nimekuhukumu bila kuuliza." Halafu akamwambia Waisiko, "Nikimsifu Mokami, sikupunguzii wewe chochote. Wivu umekufanya uvunje sheria, na nusura tumpoteze mwenzako. Ila umesema kweli wakati kunyamaza kungekufaa. Kwa hilo, nakusifu."

Waisiko alimtazama baba yake, akisubiri aseme zaidi.

"Usinitazame mimi," Baba alisema. "Mtazame Mokami. Yeye ndiye aliyesimama mbele ya nyati."

Waisiko akafuta machozi, akamgeukia Mokami na kumwomba msamaha.