Hodi Chini ya Kelele

Redio ya mama mkwe ilianza kukoroma wiki ile ile mkamwana alipoleta friji, na bibi yule, ambaye siku zote aligombana bila sababu, safari hii alikuwa nayo.

"Vidude vyako vinaniharibia redio," alisema. "Kuna mtu anasema humo ndani, simsikii vizuri."

"Si mtangazaji, mama?"

"Mtangazaji anaweza kuniita mke wangu?"

Mkamwana aliitazama redio. Baba mkwe alikuwa amekufa siku nyingi, mume wake yuko safarini, na binti yake wa miaka minne alilala kitanda kimoja na bibi, redio ikikoroma kichwani pao.

Alimwita fundi umeme, mtu wa masihara. Fundi aliitia redio betri, akaiweka kitandani alipokaa mtoto.

"Tunazima kimoja kimoja," alisema. "Mchawi atajulikana."

Akachomoa chaja ya simu, kelele ikapungua. Akazima taa ya ukumbini, kelele ikapungua tena. Friji nayo ikazimwa, na bado redio ikakwaruza. Mwisho akashusha swichi kuu.

Kelele ilikatika. Mtangazaji naye akanyamaza. Katika kimya kile sauti ya mwanamume ikasema, karibu kabisa, "Hodi."

Fundi hakucheka.

"Hodi."

"Msiitikie," bibi alinong'ona. "Sauti ni yake. Lakini mume wangu hakuwa akipiga hodi nyumbani kwake."

"Hodi," mara ya tatu.

Wiki nzima mkamwana alikuwa akimfinya mwanawe ajifunze adabu, maana bibi alisema mtoto hajalelewa. Mtoto akajibu vizuri, kama alivyofundishwa: "Karibu."

Harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi ikajaa chumbani, fundi akakimbilia swichi kuu akairudisha, akawasha friji ikanguruma, akachomeka na chaja, lakini redio haikukoroma tena hata chembe, na fundi akaokota mkoba wake akatoka bila kuaga, na godoro likabonyea taratibu kando ya mtoto, pale pasipokuwa na mtu, na mtoto akasogea kumpisha mgeni akae.

Mkamwana alimrukia mwanawe ambebe wakimbie. Asubuhi alimbeba kwa mkono mmoja, sasa hakunyanyuka. Bibi akamshika miguu, na wanawake wale wawili, waliokuwa hawapikiki chungu kimoja, wakavuta pamoja huku wakilia.

Mtoto aliwatazama kwa upole.

"Msihangaike," alisema, kwa sauti nzito ya kiume. "Nimeshakaribishwa."